Mhariri, hivi hapa aliyeazima ni nani?

Ndugu mhariri, salaam. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi na huwa siandikagi barua magazetini, nasoma tu nakunja naweka pembeni, ila safari hii nimeshindwa kunyamaza manake kuna msomaji mwenzangu kaandika kwenye ukurasa huu huu kwamba mtu mzima anayesema "borrow me your pen" arudishwe darasa la kwanza. Sawa, kosa ni kosa, sibishi. Ila nataka nimuulize huyo ndugu kaswali kadogo tu, yeye akitaka kalamu ya mwenzie anasemaje kwa Kiswahili? Anasema niazime kalamu. Akishapewa, akiulizwa hiyo kalamu umeitoa wapi anasema nimeiazima. Neno lilelile, likienda azima, likirudi azima, sasa mtu kakua na neno hilo mdomoni tangu anajifunza kuongea, leo unamshangaa kwanini hajui kwamba wenzetu Waingereza neno hilo wamelikata vipande viwili, kimoja cha anayetoa na kingine cha anayepokea?

Mimi kazi yangu ni kutunza stoo ya vifaa vya ofisi, yaani laptopu, projekta, ekstensheni, ngazi, vitu vya namna hiyo, kwa hiyo haya maneno mawili, "borrow" na "lend", ndo mkate wangu wa kila siku na yameshaniumbua. Kuna siku nilimwandikia bosi wangu imeili, bosi mwenyewe Kiswahili hajui hata salamu, nikamwambia "I borrowed the projector to the training team". Kichwani kwangu nimeshamaliza, nimewaazima projekta watu wa mafunzo, basi. Bosi akajibu nzuri, hakikisha unawarudishia kabla ya Ijumaa. Nikakodoa macho. Niwarudishie nini tena wakati projekta wanayo wao? Nikamwandikia wao ndo watarudisha, yeye akajibu lakini si wewe umeazima. Tumezungushana hivyo siku mbili nzima, imeili kama sita hivi, hadi mwenzangu mmoja akapita nyuma yangu akasoma kwenye skrini akacheka mpaka akakaa chini, akaniambia wewe kwa Kiingereza chako umesema projekta unayo wewe na umeichukua kwao, hiyo "to" bosi kaona umekosea tu kuandika "from".

Tangu siku hiyo nikaanza kuyafuatilia haya maneno kama mtu anayefuatilia deni, na nilichogundua ni kwamba tatizo wala sio kukariri maana. Maana kila mtu anaijua, muulize mtoto wa shule "borrow" ni nini atakwambia kuazima, muulize "lend" atakwambia kuazima au kuazimisha, hajakosea hata moja. Tatizo liko kwenye nani anakaa mbele ya kitenzi na nani anakaa nyuma.

Kwa Kiingereza ukisema "borrow", anayekaa mbele ni mchukuaji, kitu kinamjia. "Asha borrowed a pen from Juma", Asha kachukua, kalamu imetoka kwa Juma. Ukisema "lend", anayekaa mbele ni mtoaji, kitu kinamtoka. "Juma lent a pen to Asha." Tukio ni hilohilo moja, kalamu ni ileile, mikono ni ileile miwili, ila sentensi moja imesimama upande wa Asha na nyingine upande wa Juma. Ndo maana hata kuomba kuna njia mbili, unaweza kusema "Can I borrow your pen?" kwa sababu mimi ndo nitachukua, au "Can you lend me your pen?" kwa sababu wewe ndo utatoa. Ukichanganya ukasema "Can you borrow me your pen" umemweka mtoaji kwenye kiti cha mchukuaji, na Mwingereza ataelewa ndio, ila sikio lake litawasha.

Sasa hapa ndo pananoga, na ndo pale ambapo yule ndugu mwenye barua hakufika. Sisi kwenye Kiswahili mwelekeo wa kitu tunauweka wapi? Angalia. Nimeazima kitabu, hapo nimechukua. Nimemwazima kitabu, hapo nimetoa. Kilichobadilika ni nini? Ni hako kasilabi ka katikati tu, hako ka "mw", ukimtia mtu ndani ya kitenzi basi kitu kinaelekea kwake. Kwa hiyo mtu akitaka kusema nimemwazima Juma kitabu anachukua mpangilio wake uleule wa kichwani anaweka neno la Kiingereza juu yake, inatoka "I borrowed Juma the book". Sio ujinga huo jamani, mtu kafuata sarufi, tatizo kafuata sarufi ya kwao.

Afu sasa ukitoka kwenye azima ukaenda kwenye kopa mambo yanageuka kichwa chini miguu juu. Nimemkopa Juma, hapo nani katoa hela? Juma! Kasilabi kalekale ka kumtia mtu ndani ya kitenzi, ila safari hii kitu hakiendi kwake, kinatoka kwake. Nimemwazima Juma, Juma kapokea. Nimemkopa Juma, Juma katoa. Mimi hii nilipoigundua nilikuwa nimekaa kwenye daladala, nikaanza kujisemea mwenyewe kwa sauti nimemwazima nimemkopa nimemwazima nimemkopa mpaka jirani akasogea. Miaka yote naongea Kiswahili na sijawahi kukosea haya hata siku moja, na wala sijawahi kujua kwamba najua. Na huyu wa kopa naye akihamia kwenye Kiingereza anasema "I borrowed Juma", ambayo kwa wenyewe maana yake umemchukua Juma mzimamzima kama ngazi. Na usicheke, wanasemaga kweli hivyo, "Can I borrow you for a minute?", yaani nakuomba mara moja pembeni, kile sisi tunasema naomba nikuibe kidogo. Sisi tunaiba wao wanaazima.

Tatizo la pili ni hili neno letu "kwa". Nimeazima kwa Asha, nimepeleka kwa Asha, nimekaa kwa Asha, nimetoka kwa Asha. "Kwa" yenyewe haina habari kitu kinakuja au kinaenda, hiyo kazi kaiachia kitenzi. Kiingereza hakiko hivyo, kina "from" na "to" na kila kimoja kina mchumba wake, "borrow" anatembea na "from", "lend" anatembea na "to", hawabadilishani. Kwa hiyo mtu akiwa na "kwa" kichwani anaokota kimoja kati ya hivyo viwili kwa kubahatisha, kama mimi na projekta yangu. Kibaya zaidi "lend" ana njia mbili, unaweza kusema "lend the book to Asha" au ukamleta mtu mbele ukaacha "to" kabisa, "lend Asha the book", zote sahihi. "Borrow" hana hiyo njia ya pili. Huwezi kusema "borrow Juma the book" ukimaanisha umechukua kwa Juma, lazima "from" aonekane. Sasa mtu akishazoea "lend me", "give me", "send me", "show me", zote hizo mtu anafuata kitenzi moja kwa moja, utamlaumu vipi akisema "borrow me"? Sikio lake limeshazoea huo mdundo.

Na nikwambie kitu mhariri, hata wenye lugha yao wanakosea, au tuseme wanaongea hivyo. Kuna sehemu za Marekani, kule Minnesota na Wisconsin, watu wamezaliwa na Kiingereza na wanasema "borrow me", na inasemekana ni kwa sababu wazee wao walitoka Ujerumani na nchi za Skandinavia. Mjerumani ana neno "leihen", anatoa kwa neno hilo na anapokea kwa neno hilo. Mholanzi ana "lenen", hivyohivyo. Mswidi ana "låna", hivyohivyo. Yaani ndugu zake Mwingereza wa damu wako kama sisi na azima yetu, neno moja barabara mbili, na huyo aliyetaka turudishwe darasa la kwanza itabidi atafute darasa kubwa sana manake nusu ya Ulaya itakuwemo humo.

Sasa dawa. Mimi kwa maoni yangu walimu wanapotoa tafsiri ya "borrow" ni kuazima na "lend" ni kuazima, wanamwacha mtoto palepale alipokuwa. Waachane na azima kabisa kwenye somo hili. Wachukue kopa na kopesha. Pale Kiswahili chenyewe kimeshakata vipande viwili, na kila mtu anajua bila kufundishwa, hakuna mtu aliyewahi kuchanganya mkopaji na mkopeshaji, hela zako zikiwa nje huwezi kusahau wewe ni yupi. Kopa ni "borrow", kopesha ni "lend", imeisha. Ukitaka kuandika sentensi yako ya Kiingereza jiulize kwanza, hapa ningekuwa naongelea hela ningesema nimekopa au nimekopesha? Kisha andika. Projekta, kalamu, chaja, vyote pitishia kwenye hela kwanza. Najua inachekesha kusema nimewakopesha projekta ila kwenye kichwa hakuna anayekusikia. Mimi ndivyo nafanya mpaka leo na sijarudi kwenye imeili za siku mbili.

Hiyo hiyo "esha", ambayo kwingine inatokea kama "isha", ndo inatusaidia kwingine pia, jifunza na fundisha kwa "learn" na "teach", ambako nako kuna watu wanasema "he learned me English", ila hiyo tuiache, ni barua nyingine.

Lakini sasa tusidanganyane kwamba kopa na azima ni kitu kimoja, na hapa Kiswahili kinamshinda Mwingereza mchana kweupe. Ukiazima ngazi unarudisha ngazi ileile, na kama umevunja kidato unajieleza. Ukikopa hela hurudishi noti zilezile, zile umeshatumia, unarudisha nyingine za kiasi kilekile, na pengine na riba juu. Ni vitu viwili tofauti kabisa, Warumi wa kale kwenye sheria zao walikuwa na majina mawili, "commodatum" kwa kile kinachorudi chenyewe na "mutuum" kwa kile kinachorudi mwenzake. Sisi tuna azima na kopa. Mwingereza anasema "borrow" kwa yote, ngazi "borrow", hela "borrow". Kwa hiyo yeye kakata kwa kuangalia nani anatoa nani anapokea, sisi tumekata kwa kuangalia ni kitu gani kinarudi. Kila mtu kashika kisu chake. Na tuna kingine, nimekopwa! Mtu akisema nimekopwa kila mtu anamwonea huruma, hela zake ziko kwa watu. Jaribu kuiweka hiyo kwa Kiingereza kwa neno moja uone, "I was borrowed" haiji kabisa.

Asili zake nazo zinafurahisha kidogo. "Borrow" imetoka kwenye neno la zamani la dhamana, rehani, yaani kile unachoweka ili uaminiwe. "Lend" ni ndugu wa "loan", na ile "d" ya mwisho haikuwepo, zamani lilikuwa "lenen", watu wakaizoea "d" kutoka kwenye wakati uliopita wakaibandika mpaka ikakaa moja kwa moja. Kwa hiyo hata hao wenyewe neno lao limejengwa na makosa ya mdomoni. Na wakati uliopita wa sasa ni "lent", sio "lended" kama wengi tunavyoandika, wakati "borrow" yeye hana makuu, "borrowed" tu. Ukiona "Lent" yenye herufi kubwa hiyo ni Kwaresima, haina undugu na mikopo, hiyo imetoka kwenye neno la zamani la majira ya kuchipua majani.

Kuhusu "loan" nitasema kidogo tu. Kikawaida ni jina, mkopo, "a bank loan", na kwenye kurasa zako za michezo mhariri kila siku tunasoma mchezaji katolewa kwa mkopo, hiyo ndo "on loan", na hapo waandishi wako hawakosei hata siku moja nani katoa nani kapokea, sijui kwanini kwenye mpira akili zetu zinakaa sawa. Wamarekani wanaitumia sana kama kitenzi pia, "loan me your car", Waingereza wengine wanakunja uso ila sio kosa. Kwenye vitu vya kushikika au hela itapita. Kwenye vitu visivyoshikika haipiti, huko ni "lend" peke yake, "lend a hand" yaani saidia, "lend an ear" yaani sikiliza, "lend support". Huwezi kusema "loan a hand", utaonekana unauza viungo. Na "borrow" naye ana vyake ambavyo hata kurudisha hakuna, mtu anaishi kwa "borrowed time", siku za nyongeza, na kwenye hesabu za kutoa tukikosa kwenye mamoja tunaazima kumi kwa jirani na mpaka leo sijaona aliyerudisha. Lugha nazo zinakopana maneno na kila moja inabaki nalo, shule yenyewe tumeichukua kwa Mjerumani, meza kwa Mreno, hatujarudisha na hawajadai.

Kitu kingine kidogo, vitu visivyohamishika kwa kawaida hawasemi "borrow". Ukifika kwa mtu ukataka choo unasema "Can I use your toilet", ukisema "borrow" anaweza kudhani unataka kuondoka nacho. Simu inakubali zote mbili. Hapa tuko sawa nao, na sisi hatuazimi choo.

Mtu atasema haya yote ya nini, si bora watu waelewane tu. Kwenye kalamu ni kweli, acha watu waseme "borrow me", kalamu itafika. Ila wengi wetu tunasaini mikataba ya mikopo iliyoandikwa Kiingereza mwanzo mwisho, na humo ndani hamna jina lako kila mstari, kuna "the Borrower" na "the Lender", the Borrower atafanya hivi, the Lender ana haki ya kufanya vile, kurasa na kurasa. Mtu ambaye kichwani kwake yote mawili ni azima anasoma kifungu kinachosema nani atachukua dhamana mkopaji akichelewa kulipa, anafika mwisho hajui kama hapo anatishiwa yeye au analindwa yeye. Mimi nimeshamsomea mtu karatasi kama hiyo, mtu mzima, msomi wa fani yake, alikuwa ameshasaini, na alidhani "Lender" ni yeye kwa sababu ndiye aliyeenda kuazima. Hapo kicheko cha "borrow me" kinaisha ghafla.

Kwa hiyo namuomba mwenzangu aliyeandika, badala ya kuwarudisha watu darasa la kwanza awape kopa na kopesha wakatembee nazo, na wewe mhariri kama una nafasi kwenye ile safu ya lugha waandike hili la nimemwazima na nimemkopa, najua kuna walimu watalipenda.

Mimi pale stoo nimeshachora daftari upya, zile safu za Kiingereza za zamani nimezifuta, sasa zipo mbili tu, aliyetoa na aliyechukua. Projekta ilirudi siku nyingi. Waya wake ndo haujarudi, na nikifungua daftari la zamani kwenye mstari wake naona mwandiko wangu mwenyewe, "cable borrow training", hakuna "to" hakuna "from", na watu wa mafunzo wanasema walinirudishia.

Ni mimi msomaji wako,
Mtunza stoo